Usiulize kama kipo, uliza kinapita wapi

Kwa wale ambao hamkufika Jumamosi, haya ndo niliyoongea kuhusu kuchimba bila kugonga nyaya na mabomba yaliyozikwa. Nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka mdomoni, picha za ukutani nimeziacha.

Haya wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa pale karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, habari za mchana. Nimeambiwa niongee kuhusu kuchimba. Najua mnajiona wote mnajua kuchimba, nani hajui kuchimba, mtoto wa miaka mitatu anachimba. Sawa. Basi nyoosheni mikono: nani ana jembe au sepetu nyumbani? Wote. Vizuri. Sasa nani anajua bomba la maji linaloingia nyumbani kwake linapita wapi? Siulizi koki iko wapi, nauliza bomba lenyewe, kule chini, kutoka kwenye mita mpaka ukutani. Moja, mbili, tatu... mikono mitatu, na mmoja ni fundi bomba kwa hiyo yeye hahesabiki.

Mmeona? Vifaa vya kuchimbia tunavyo wote, tunachokichimba hatukijui.

Na mimi sijaja kuwasema, manake aliyekuwa wa kwanza kusemwa ni mimi. Mwaka ule nilipohamia kwenye nyumba ninayokaa sasa hivi nilitaka kusimamisha nguzo nne nyuma ya nyumba, za mimea ya kutambaa. Shimo la kwanza safi, la pili safi, la tatu nimeshuka kidogo tu, kama viganja viwili hivi, jembe likagonga kitu. Sio jiwe, jiwe lina mlio wake. Sio mzizi, mzizi unanesa. Nikafukua kwa mikono nikaona bomba jeusi, nene kama kidole gumba, limelala katikati kabisa ya shimo langu. Nikasema ah, hili ni bomba la zamani la kumwagilia, limeshakufa hili. Nani aliniambia limekufa? Hakuna. Nilitaka liwe limekufa, kwa sababu lilikuwa limenikalia njiani. Nikaenda ndani kuchukua msumeno wa chuma.

Sasa siku hiyo mjomba wangu alikuwa amekuja kutusalimia, fundi umeme wa siku nyingi, kakaa zake kivulini ananiangalia tu. Aliponiona na msumeno akaniuliza, mjomba, hilo dude linatoka wapi linaenda wapi? Nikamwambia si linatoka huku linaenda kule. Akasema kule wapi? Nikanyamaza. Akaniambia weka msumeno chini, nyanyuka, tulifuate.

Tukalifuata. Upande mmoja lilielekea ukutani, na ukiingia ndani pale pale kwenye ukuta ndo kuna swichi bodi. Upande wa pili likaelekea kwenye stoo ya nje. Na stoo ina taa! Taa ambayo mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilikuwa naiwasha kila usiku. Ndugu zangu, hivi mtu unawasha taa ya stoo mwaka mzima, hakuna waya unaopita hewani, hakuna nguzo, na hata siku moja hujiulizi umeme unafikaje kule? Lile halikuwa bomba. Ile ilikuwa kebo ya umeme yenye deraya, nje ina ganda la plastiki jeusi, chini ya ganda kuna nyuzi za chuma, na ndani ndo kuna nyaya zenyewe zenye moto. Ukiiona kwenye tope huwezi kuitofautisha na bomba la maji la plastiki nyeusi. Mimi sikuweza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, na kama mtaondoka hapa mmesahau mengine yote hiki msikisahau: usijiulize kama kuna kitu chini. Kipo. Chukulia kipo. Jiulize kinapita wapi.

Na utajuaje kinapita wapi? Kwa kuangalia vichwa vyake. Hakuna bomba linaloishi chini tu kama fuko, lazima mahali fulani litoe kichwa. Ukitoka hapa zunguka kiwanja chako polepole, mikono mfukoni, jembe liache ndani. Mita ya maji iko wapi, na bomba linaingilia upande gani wa nyumba? Mita ya umeme je? Kama umeme haukuji kwa nguzo basi unakuja kwa chini, hauna njia ya tatu. Taa ya geti, kengele ya geti, pampu, bomba la uani, tangi. Boksi la simu au la intaneti ukutani, waya wake unazama wapi? Mifuniko ya chemba, hesabu iko mingapi. Kama mna gesi ya bomba, mita na valvu yake viko wapi? Kila kichwa kina mwenzake, na kati ya vichwa viwili kuna kitu kimelala. Ila msije mkapiga mstari ulionyooka mkasema ndo hapo hapo. Kuna siku fundi aliyezika alikuta mwamba akauzunguka, siku nyingine mti, mti wenyewe leo haupo umebaki mpindo wa kebo tu.

Halafu angalieni ardhi yenyewe, ardhi iliyowahi kuchimbwa haisahau haraka. Mtaro uliofukiwa unatitia kidogo, unaona kama mfereji mwepesi hasa baada ya mvua. Majani juu yake yanaweza kuwa ya kijani kuliko mengine au yakawahi kukauka kuliko mengine, lakini vyovyote vile hayafanani na wenzake. Ukiona mstari kwenye nyasi ambao hujauchora wewe, kauchora mtu mwingine.

Na kuuliza. Jamani kuuliza ni bure! Mwenye nyumba aliyepita, jirani wa muda mrefu, fundi aliyejenga. Makampuni ya maji na umeme na gesi yana ramani zao, na kuna nchi zimeweka utaratibu kabisa, Marekani kwa mfano tangu 2007 unapiga namba moja tu nchi nzima, 811, siku chache kabla ya kuchimba, wanakuja watu wanakuwekea alama kwa rangi ya kupuliza: nyekundu umeme, njano gesi, buluu maji ya kunywa, kijani maji taka, rangi ya chungwa simu na intaneti. Nzuri sana. Ila kuna mtego hapo na watu wengi wanaingia. Wale wanakuwekea alama za mali yao, na mara nyingi mali yao inaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuja ndani ni yako. Ile kebo yangu ya stoo asingekuja mtu yeyote kuniwekea alama, kwenye ramani ya kampuni haipo, kaiweka mwenye nyumba wa zamani na fundi wake siku moja ya jioni.

Nisogee mbele kwenye kitu kinachonikera. Watu wanapenda kuniambia "aah mimi nachimba juu juu tu, hizi nyaya ziko chini sana". Chini sana kiasi gani? Ni kweli kanuni zipo. Uingereza bomba la maji linatakiwa liwe angalau milimita 750 chini. Marekani kebo inayolazwa moja kwa moja kwenye udongo kwa kawaida inatakiwa iwe inchi 24, kama sentimita 60 hivi, lakini hao hao wanaruhusu nyaya za taa za bustani za volti ndogo zikae inchi 6 tu. Inchi 6 ni sentimita 15, huko unafika ukiwa unapanda maua! Halafu hicho ni kina cha siku ya kuzika. Tangu siku ile mvua zimenyesha zikabeba udongo, mtu kasawazisha kiwanja, mwingine kakata kilima akatengeneza ngazi. Kebo haijasogea, ardhi ndo imeshuka. Mimi ya kwangu niliikuta viganja viwili, na aliyeizika labda alifuata sheria zote.

Rangi nazo ni hivyo hivyo. Rangi ikikwambia hatari, iamini. Ikikwambia salama, usiiamini. Bomba la njano ukiliona ondoa mguu, ukiona buluu sema labda maji. Jeusi? Jeusi linaweza kuwa maji ya zamani, linaweza kuwa umeme, linaweza kuwa chochote. Chuma kilichoshika kutu kinaweza kuwa maji au gesi, au bomba tupu ambalo ndani yake kuna waya. Usilipige ulisikilize, usilikwaruze uone ndani, usilitoboe kidogo "kuhakikisha". Lifuate mpaka kichwani kwake au muite mtu anayejua. Mpaka hapo kila kebo ina moto na kila bomba limejaa.

Sasa mashine. Najua kuna mtu hapa anasema moyoni huyu anatuchosha, si kuna mashine za kutafuta nyaya, unakodi unapitisha basi. Zipo, na nzuri. Ngoja niwaambie ya jirani yangu mmoja.

Jirani yangu ni mtu makini, makini kunishinda mimi. Alitaka kuchimba bwawa dogo la samaki, akaazima mashine ya kutafuta kebo, na kwa sababu ni mtu makini akaanza kwa kuzima umeme wote wa nyumba, swichi kuu, tap. Ndo akapitisha mashine bustani nzima. Kimya. Akarudia, kimya. Akachimba kwa amani yake, na ndani ya nusu saa alikuwa ameshapasua waya wa pampu.

Kwa nini mashine ilinyamaza? Mnaona kosa liko wapi? Mashine zile kwenye hali yake ya kawaida hazioni kebo, zinasikia. Umeme ukitembea kwenye waya unatoa nguvu ya sumaku kuuzunguka na mashine inasikia hiyo. Umeme usipotembea hakuna cha kusikia. Na sio lazima uzime swichi kuu, hata kebo yenye moto kabisa, ya kukuua, kama mwisho wake hakuna kinachotumia umeme muda huo, kwa mashine inaweza kuwa kama haipo. Kwa hiyo alifanya mambo mawili mazuri kwa mpangilio mbaya. Unaanza kwa kuwasha, washa taa za nje, washa pampu, umeme utembee, ndo upitishe mashine na uweke alama. Ukishaweka alama, ndo unazima, ndo unachimba. Ila kuzima kule kulimuokoa, hilo nampa, waya ulikuwa hauna moto na yeye yuko hai anatukana mashine mpaka leo.

Na kuzima kwenyewe kuna mpaka wake. Swichi yako kuu inaua vilivyo baada yake. Kebo inayotoka mtaani kuja kwenye swichi yako bado ina moto hata ungezima nyumba nzima.

Mashine nyingi zinakuja na kifaa cha pili, jenereta ndogo ya mawimbi, unaiunganisha au unaiweka juu ya bomba la chuma au kebo inatuma mlio wake, halafu unaufuata ule mlio. Hiyo inasaidia sana kama unajua kuitumia. Ila bomba la plastiki halina mlio. Plastiki haipitishi umeme, mashine inapita juu yake kama hakuna kitu, isipokuwa kama aliyezika alikuwa na akili akalaza na waya mwembamba wa shaba pembeni ili mtu wa kesho aupate. Faiba ya intaneti ni kioo, nayo ni kimya isipokuwa iwe na chuma ndani ya ganda lake. Ile rada ya ardhini inaweza kuona plastiki, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa inapofuka. Kwa hiyo mashine ikilia, amini. Ikinyamaza, haijakwambia kitu.

Haya, tunachimba sasa. Mmezunguka, mmeuliza, mmepitisha mashine, mmeweka vigingi. Vijana sikilizeni hapa, manake nguvu zenu ndo tatizo.

Ukiwa karibu na alama, tuseme nusu mita kila upande, sururu hapana, mtaimbo hapana, jembe la uma hapana, na mashine ya kuchimba ndo hapana kabisa. Vyote vyenye ncha vinakusanya nguvu yako yote kwenye nukta moja, na ganda la kebo haliwezi kushindana na nukta. Tumia sepetu yenye mdomo mpana, na kama unaweza pata ile yenye mpini wa fiba usiopitisha umeme. Usiirushe, usiruke juu yake kwa miguu miwili kama mnavyofanya, weka mguu sukuma taratibu. Na usichimbe juu ya mstari. Chimba pembeni yake, shuka mpaka kina unachotaka, halafu uje kwa upande, unakwangua ukuta wa shimo kidogo kidogo kumfuata. Ukija kwa juu unamkuta kwa uzito wako wote. Ukija kwa ubavu unamkuta kwa mkono.

Na uwe unaangalia udongo, sio saa. Nilifanya kazi siku moja na fundi bomba mmoja mzee, tunachimba, ghafla akanishika mkono. Nikamuuliza nini, akasema mchanga. Mchanga umefanyaje? Akaniambia angalia, udongo wote hapa mwekundu, huu mchanga mwepesi msafi umetoka wapi? Kauleta mtu huu. Na kweli, kebo na mabomba mara nyingi hulazwa kwenye mchanga laini ili mawe yasivikwaruze. Ukikuta mchanga mahali pasipo na mchanga, simama. Ukikuta matofali au vigae vimepangwa kwa mstari, simama, vimewekwa kama kofia. Ukikuta utepe wa plastiki una rangi kali, huo uliwekwa kwa ajili yako wewe, mara nyingi kebo iko kama sentimita 30 chini yake. Ukikuta udongo umechanganyika, mwekundu na mweusi na kipande cha mfuko, huo ulishachimbwa, umefukiwa. Mzee yule alikuwa anausoma kama gazeti, na hakuwa na mashine yoyote.

Sasa ukigonga. Manake mtagonga, tusidanganyane.

Umeme kwanza. Watu wanafikiri hatari ni shoti tu. Chuma kikikata kebo yenye moto kinaunganisha nyaya zake, unatokea mlipuko wa moto pale pale, na wewe umeinama uso uko juu ya shimo. Ni kuungua, uso na mikono. Na usiseme fyuzi itakata, kama ni kebo ya mtaani fyuzi yake ni kubwa, inaruhusu umeme mwingi sana upite kabla haijakata. Ukigonga, achia, toka, usirudi kuchukua sepetu. Wazuie watu, wapigie kampuni ya umeme. Hata kama inaonekana imekufa usiguse, kuna mitambo inarudisha umeme yenyewe baada ya sekunde kadhaa.

Gesi: ukisikia harufu au mlio wa kupuliza, toka na kila mtu, mkielekea upande upepo unakotoka, msiingie upande gesi inakoelekea. Usiwashe wala kuzima swichi, usiwashe gari, sigara usiniambie, na simu piga ukiwa umeshafika mbali. Usijaribu kuziba na usifukie, gesi ukiifukia inatafuta njia nyingine chini kwa chini na njia nyingine inaweza kuwa nyumba.

Maji, funga valvu kuu, utalowa utapona. Faiba, usichungulie kwenye ncha iliyokatika, mwanga wake hauonekani kwa macho lakini jicho linaumia.

Na usifiche! Shemeji yangu mmoja, yuko hapa simtaji, anajijua. Huyo bwana alikwaruza kebo ya nje kwa jembe, ganda likachanika kidogo tu, hakuna cheche, taa zinawaka. Akafukia. Hakusema kwa mtu. Miezi ikapita, mvua zikaanza, sakiti breka ikawa inaruka kila usiku. Wakaja mafundi, wakabadilisha breka, wakabadilisha taa, wakamlaumu friji. Kumbe maji yameingia kwenye mkwaruzo ule yanakula shaba taratibu. Alikiri siku dada yangu aliposema sasa tubadilishe nyaya za nyumba nzima. Bomba la gesi la chuma nalo ni vile vile, ukilikwangua ile rangi yake ya kinga kutu inaanzia hapo. Mkwaruzo ni taarifa, mpelekee mwenye mali.

Kabla ya kufukia piga picha, na futi kamba ionekane kwenye picha. Pima kutoka sehemu mbili zisizohama, kona ya nyumba na kona nyingine, sio kutoka kwenye mti, mti unakatwa. Andika na kina, bandika karatasi ndani ya mlango wa swichi bodi. Mimi ninayo pale, ile kebo ya stoo nimeichora, na nguzo yangu ya tatu ilisogea hatua moja kushoto, wanaokuja wanadhani fundi alikuwa amelewa.

Mwisho mama mmoja wa mstari wa mbele aliuliza, na naiweka hapa manake wengi wameniuliza tena. Ana mche wa mti kwenye ndoo, anataka kuupanda karibu na ukuta wa nyuma, afanyeje? Nikamuuliza mama, chemba zako ziko wapi? Akasema moja pale karibu na ukuta. Nikamwambia fungua chemba zote, mwaga ndoo ya maji ndani utazame yanaelekea upande gani na yanatokea kwenye ipi, hapo umelipata bomba la maji taka bila kuchimba. Mti usiukaribishe hapo, mabomba ya zamani ya udongo yana maungio, na mizizi ikiupata unyevu wa ungio inaingia mpaka ndani. Akasema basi auweke upande wa geti. Nikamuuliza taa ya geti inapata umeme wapi. Akacheka, watu wakacheka, akasema mwanangu njoo na futi kamba. Naenda Jumapili, anayetaka kuona aje, mti utakaa kwenye ndoo mpaka tumalize kupima.